Mguu wa Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Mvua zimeanza, na baba amerudi kutoka hospitali. Nyumba inanuka dawa ya kusafishia sakafu, na chini ya dawa kuna kitu kingine ambacho dawa haikiwezi.

Naandika hapa kwa sababu kuna maneno nikiyasema kwa sauti nitachapwa, na nitakuwa nimestahili. La kwanza ni hili: namwonea baba yangu kinyaa.

Haya, nimeliandika, na paa halijadondoka.

Kiharusi kimempiga upande wa kulia, mkono na mguu na nusu ya mdomo, kisha kikaondoka na maneno yake yote. Imebaki "eeh" peke yake. Mate yanamtoka kwenye ile pembe ya mdomo iliyolegea, yanashuka taratibu mpaka kwenye kola, na mwenyewe hana habari. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akipiga pasi mpaka leso. Ni mwalimu wa udereva. Madereva wengi wa mji huu wamepita mikononi mwake, na hakuna hata mmoja aliyeruhusiwa kuingia kwenye gari lake na viatu vya matope. Leo mama alimfuta kidevu kwa pindo la gauni, halafu akaenda kunawa mikono. Nilimwangalia alivyonawa. Alipaka sabuni mpaka kwenye viwiko.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Sikuingia chumbani kwa baba. Nilisema nina mafua.

Jumamosi, 8 Machi

Shangazi amehamia kwetu, dada mkubwa wa baba. Ameingia na mabegi yake na sauti yake, na kati ya hivyo viwili sauti ndiyo iliyochukua nafasi kubwa zaidi.

"Wifi, wewe nenda zako kazini. Mgonjwa niachie mimi. Huyu nimembeba mgongoni kabla wewe hujamjua."

Mama anafanya kazi kwenye tanuri la mikate. Anatoka alfajiri, anarudi mchana na unga kwenye nyusi. Hakuwa na nguvu za kubishana. Shangazi akanigeukia mimi, akanipima kuanzia utosini.

"Na huyu? Bado haongei?"

"Anaongea," mama akasema. "Ni mpole tu."

"Kwa hiyo nyumba hii ina mabubu wawili!"

Akacheka. Na mimi nikacheka, maana nikikosa la kusema huwa nacheka, halafu najichukia mpaka jioni.

Jumatano, 12 Machi

Shangazi ameleta fremu ya kutembelea. Ni ya chuma, ina miguu minne, mtu anasimama katikati yake na kuisukuma mbele. Ilikuwa ya mume wa rafiki yake. Huyo mume amekufa. "Na hakufa kwa ajili ya fremu," Shangazi alisema kabla hatujauliza.

Vishikio vyake vina sponji nyeusi iliyochakaa, na kwenye sponji kuna alama za vidole vya marehemu. Siyo mfano wa maneno. Kuna mashimo manne ambayo vidole vyake vilichimba, na ndani ya mashimo kuna utando wa jasho lililokauka. Nilipewa kitambaa nisafishe. Utando ulitoka ukawa uji. Nilikwenda nje nikasimama kwenye mvua.

Kwa kuwa mkono wa kulia wa baba hauwezi kushika, Shangazi ameufunga kwenye fremu kwa kitambaa. Amekikaza kwa mafundo mawili. Kisha akamwambia, "Twende, kaka!" Baba akasukuma kwa mkono mmoja, fremu ikazunguka kama mlango, naye akazunguka nayo akaenda kugonga kabati. Hakuanguka kwa sababu alikuwa amefungwa.

Alhamisi, 13 Machi

Kocha amekuja. Ni mtaalamu wa mazoezi kutoka hospitali. Jina la Kocha tumempa sisi kwa sababu ya filimbi aliyoivaa shingoni, ambayo sijawahi kumsikia akiipuliza. Alivua koti la mvua, akaangalia chumbani, akasimama.

"Nani amemfunga huyu mzee kama mzigo?"

"Anajifunza," Shangazi akasema.

"Anajifunza kuvunjika nyonga. Mama, fremu inataka mikono miwili. Huyu ana mmoja na nusu, na nusu yenyewe imelala."

Alifungua mafundo kwa meno. Kitambaa kile, kwenye sponji ile, kwa meno. Mimi ningekufa.

Ametuletea fimbo fupi yenye miguu minne midogo chini, kama stuli ya mtoto. Inashikwa mkono wa kushoto, ule mzima. Shangazi alibisha kwamba tegemeo huwekwa upande unaoanguka. Kocha akamwambia asimame kwa mguu mmoja, halafu akamwuliza mkono upi umetafuta ukuta. Shangazi akanuna.

Wimbo wa Kocha ni huu: "Fimbo, mbovu, mzima." Fimbo inatangulia, mguu mbovu unafuata, mzima unamalizia. Baba alisikiliza. Kocha alipotamka "mbovu," baba alifumba macho, machozi yakaanza kutiririka hivi hivi, bila uso kukunjamana.

"Msishtuke," Kocha akasema. "Kiharusi hulegeza na machozi. Mara nyingine yanatoka tu, kama bomba lisilofunga."

Kisha akatuambia jambo ambalo limenikaa kichwani. Miezi hii ya mwanzo ndiyo ya kumfundisha mguu. Mvua zikiisha na bado hajasimama vizuri, itakuwa vigumu sana kumtoa kitini.

Jumapili, 16 Machi

Wageni. Walikunywa chai, wakamwambia baba kwa sauti ya juu kwamba amenenepa. Yeye hajawa kiziwi.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Nguo hazikauki. Sare yangu inanuka kama kitambaa cha kupigia deki.

Darasani tulikuwa na mazoezi ya kuongea kwa ile lugha nyingine, ya kigeni, ya vitabu. Kila mmoja amwelekeze mwenzake njia ya kufika sokoni. Nilisimama, mdomo ukafunguka, hakikutoka kitu. Mwalimu akasema, "Kaa, tutakurudia." Hajanirudia. Nilikaa nikihisi mate mdomoni mwangu, nikajifuta ingawa hayakutoka.

Alhamisi, 27 Machi

Baba amepewa kiatu cha plastiki. Kiatu ndivyo tunavyokiita, lakini ni bamba gumu jeupe linalopita chini ya unyayo, likapanda nyuma ya kisigino mpaka karibu na goti, likafungwa kwa mikanda ya kunatisha. Kazi yake ni kuzuia vidole visiburute chini. Kwanza anavaa soksi, kisha bamba, kisha kiatu cha kawaida juu yake.

Na kimefanya kazi! Baba ametoka kitandani mpaka mlangoni. Fimbo, mbovu, mzima. Mama alikuwa ameegemea ukuta na unga wake usoni, akawa anatikisa kichwa kufuata kila hatua.

Halafu Kocha akaharibu siku yangu.

"Kila jioni mvue. Soksi safi, kavu. Na mkivua muangalie ngozi, kisigino, kifundo, vidole. Mguu huu hausikii sawasawa, unaweza kuchubuka na yeye asijue. Nyinyi ndio macho yake." Akanigeukia. "Binti, kazi hii nakupa wewe. Una macho makini."

Nilisema ndiyo. Ningesema nini?

Ijumaa, 28 Machi

Nimevua. Nataka kuandika nilichokiona ili kinitoke. Mguu umevimba kidogo, mweupe-mweupe, baridi. Kati ya vidole ngozi imelainika kama mkate uliomwagikiwa maji. Kucha ni nene na za njano, moja imejipinda. Soksi ilikuwa imeloa na ilitoka kwa kunata.

Baba alikuwa ananiangalia. Hilo ndilo baya zaidi. Nilibana pumzi, nikageuza uso, na aliona nilivyougeuza.

Jumapili, 6 Aprili

Nimevua, nimeangalia, ni vilevile. Nimenawa mpaka mikono imewasha.

Alhamisi, 10 Aprili

Kocha amekuja akiwa ameloa mpaka kwenye kope. Maji yamefika juu ya daraja. Alisema hii huenda ikawa mara ya mwisho mpaka yatakaposhuka, tuendelee kama alivyotufundisha. Ameikagua ngozi mwenyewe: "Safi. Kazi nzuri, binti."

Jumapili, 13 Aprili

Shangazi ametangaza kwamba kiatu kisivuliwe tena.

"Kila siku kuvua, kuvaa, kuvua, kuvaa! Mguu utazoeaje? Mtoto anayefunzwa kukaa hanyanyuliwi kila saa. Kiacheni, alale nacho, mguu ujue kwamba hakuna mchezo."

Na kwenye kuoga atakuwa anauvalisha mguu wote mfuko wa plastiki na kuufunga kwa mpira juu ya goti.

Nilijua siyo alivyosema Kocha. Mama angeniuliza ningemwambia. Lakini mama alikuwa amesinzia mezani kichwa kikiwa juu ya mkono, na Shangazi ni mkubwa, na mimi ni mtoto mwenye adabu, kila mtu anasema hivyo. Nilimtii. Niandike ukweli: nilimtii kwa furaha.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Sijanawa mikono hata mara moja leo kwa ajili ya mguu. Raha.

Jumamosi, 19 Aprili

Baba amesema neno!

Alikuwa amekaa kitini, Shangazi anamlisha uji. Akausukuma mkono wa Shangazi, mdomo ukahangaika, ukapinda, mate yakatoka kwanza, halafu likafuata: "Ku... lia."

Shangazi alidondosha kijiko. "Amesema! Jamani, amesema! Wifi! Kaka, sema tena!"

"Kulia," baba akasema.

"Anataka kulia! Maskini, ndugu yangu, ana uchungu wa miezi yote hii. Lia, kaka, lia, utoe!"

Na yeye mwenyewe akaanza. Majirani wawili waliokuja kuchukua ungo wakaingia kuona kuna nini, wakaanza na wao. Mama alipofika kutoka jikoni alikuta watu watatu wanalia na mgonjwa anawaangalia, mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyeingia kwenye harusi isiyo yake. "Kulia," akasema tena, kwa nguvu. "Kulia!" Kisha na yeye machozi yakamtoka.

"Mnaona?" Shangazi akasema huku akipenga kamasi kwenye kitambaa kilekile cha kumfutia baba uji.

Niliondoka. Sikujua kinyaa changu ni cha kamasi au ni cha ile furaha yao.

Jumapili, 20 Aprili

Wageni wamekuja kusikiliza neno. Shangazi anawapanga kwenye viti. Kwanza baba anatembezwa, kitanda mpaka mlango, na simu zinatolewa wampige picha. Halafu anaulizwa, "Kaka, unasikiaje?" Anasema, "Kulia." Watu wazima wanasema aaah, wanampapasa kichwani. Wanampapasa kichwani mtu ambaye aliwatukana kwa kusahau kuangalia kioo cha pembeni.

"Usilie, Mwalimu."

"Jikaze, Mwalimu, usilie."

"Kulia!"

"Usilie, baba."

Huyo wa mwisho nilikuwa mimi.

Jumatano, 23 Aprili

Hataki kutembea. Shangazi anasema uvivu. Mama anasema amechoka. Mvua.

Jumapili, 27 Aprili

Kuna harufu.

Si mkojo, mkojo nimeshauzoea. Hii ni tamu. Inakaa kwenye koo. Nikirudi kutoka shule inanipokea mlangoni kabla ya watu. Nimepaka manukato ya mama chini ya pua, sasa nanusa vyote viwili na ni vibaya zaidi.

Nadhani baba anajichafua na Shangazi hamsafishi vizuri. Nimeandika kwa hasira, lakini sitafuti, maana nikitafuta nitaona.

Jumatano, 30 Aprili

Shangazi ameamua ni panya. Panya amekufa ndani ya chumba.

Tumehamisha kabati. Tumehamisha sanduku, ndoo, ile fremu ya marehemu ambayo sasa inaanikiwa taulo. Mama alilala kifudifudi akamulika chini ya kitanda. Mimi nilipewa ufagio nichokoe nyuma ya mbao. Na muda wote huo baba amekaa katikati ya chumba kwenye kiti kama mfalme aliyepinduliwa, anapiga kelele: "Kulia! Kulia! Kulia!"

"Usilie, kaka!" Shangazi akajibu kutoka nyuma ya kabati. "Tutamkamata tu huyu panya!"

Baba akanyamaza. Akaangalia juu. Nimewahi kuuona uso ule, zamani, nikiwa mdogo nikikaa kiti cha nyuma wakati akifundisha. Ni uso wa pale mwanafunzi anapokanyaga klachi akidhani ni breki.

Panya hakupatikana. Shangazi amepulizia dawa ya maua. Chumba sasa kinanuka kama maiti aliyependeza.

Jumapili, 4 Mei

Nitaandika pole pole.

Mchana alikuja Mama Breki. Lazima nimweleze. Alikuwa mwanafunzi wa baba, akafeli mtihani wa udereva mara tatu, na baba ndiye aliyempa jina hilo kwa sababu alikuwa akikanyaga breki hata gari likiwa limezimwa. Anatafuna ubani mdomo wazi, anacheka kabla ya kusema na baada ya kusema. Sijawahi kumpenda. Nilipomwona mlangoni anakung'uta mwavuli ndani badala ya nje, nilisema moyoni, huyu ndiye aliyebaki.

"Mwalimuuu! Nimenunua gari! Sijagonga mtu! Nimegonga geti tu!"

Hakungoja kupangwa kwenye viti vya wageni. Baba alikuwa amekaa kwenye benchi refu, na yeye akaenda akajitupa pembeni yake, mkono wa kulia, wote wawili wanaangalia mbele ukutani. Baadaye ndipo nilipoelewa: ndivyo walivyokaa siku zote. Dereva kulia, mwalimu kushoto.

Akaanza hadithi ya geti. Katikati ya hadithi baba akasema, "Kulia."

Shangazi akainuka na kitambaa. "Ameanza. Usilie, ka..."

Lakini Mama Breki alikuwa tayari amekanyaga sakafu kwa mguu wake wote, puu, na shingo yake imegeuka upande wa kulia.

"Kulia kuna ukuta, Mwalimu," akasema.

Hakuna aliyecheka. Hata yeye hakuwa anatania. Mwili wake ulisikia amri ukaitii. Na baba alimgeukia na uso uliofunguka, uso ambao sijauona tangu Februari.

"Eeh!" akasema. "Eeh! Kulia!"

"Kulia kwangu au kulia kwako?"

Baba akainua mkono wa kushoto, mkono mzima, akaupitisha juu ya tumbo lake, akapiga paja la kulia. Alipiga kama anavyopiga dashibodi.

"Kulia."

"Mguu? Mguu wako wa kulia, Mwalimu?"

"Eeh. Eeh. Eeh."

Kwa wiki mbili mtu alikuwa anatuambia *upande gani*, na sisi tulikuwa tunampelekea leso. Wala hakulisema kama mtu anayelalamika. Lilikuwa fupi, limekatwa mwisho, lilelile nililolisikia kutoka kiti cha nyuma utoto wangu wote: Kushoto. Nyoosha. Kulia. Tulikuwa watu wa nyumbani kwake na tulisikia machozi. Huyu mwenye ubani akasikia barabara.

Sikungoja kuambiwa. Nilipiga magoti nikavuta mikanda. Sauti ya mikanda ile kunasuka. Bamba halikutoka, lilikuwa limeshika. Nikavuta. Soksi ilikuja na kitu.

Nitaandika, kwa sababu ndiyo kazi ya daftari hili. Nyuma ya kisigino kulikuwa na shimo. Pembeni mwake ngozi nyeusi, katikati majimaji ya kijani na njano, na harufu ile tamu ikatoka yote kwa pamoja kama mtu aliyekuwa amefungiwa. Soksi nyeupe haikuwa na rangi yake. Nilitapika palepale, juu ya kiatu chake kingine, kile kizima, na juu ya mguu wa Mama Breki. Nikajifuta, nikarudi kushika mguu, maana ulikuwa umebaki hewani mikononi mwangu na hapakuwa na mahali pa kuuweka.

"Yesu na Maria," Shangazi akasema, akajiziba pua kwa kile kitambaa.

Mama Breki hakuangalia hata matapishi. "Gari liko nje," akasema. "Mshikeni."

Safari sitaisahau. Maji yalifika nusu ya magurudumu. Baba amekaa mbele, kushoto kwake, mahali pake. Mama na mimi nyuma, Shangazi amebaki. Kwenye makutano, gari likatikisika shimoni, mguu ukagonga, baba akaguna, "Kulia!" Na sasa kweli alikuwa analia, kwa maumivu, machozi mpaka kidevuni. Mama Breki akawasha indiketa akakata kulia, kuelekea sokoni.

"Kushoto!" nikapiga kelele. "Hospitali ni kushoto! Rudi! Kushoto!"

Sijui sauti ile ilikuwa wapi siku zote. Mama aligeuka akaniangalia kama vile mtu mwingine ameingia garini. Baba naye, kwenye kioo, aliniangalia.

Jumatatu, 5 Mei

Wamekisafisha kidonda. Daktari anasema kimechimba karibu na mfupa lakini hakijaufikia. Tungekaa zaidi, tungekuwa tunazungumzia kukata. Alitumia neno hilo, "kukata," huku anaandika, hakuinua kichwa.

Haruhusiwi kukanyaga. Na hizi ndizo wiki ambazo Kocha alisema ni za kumfundisha mguu.

Katika ile lugha ya darasani, upande ni neno moja na machozi ni neno lingine kabisa, hayafanani hata kidogo. Angelisema kwa lugha ile ningejua siku ya kwanza. Lakini baba ubongo wake ulimwachia neno moja, nalo likawa na milango miwili, na wote tukaingia ule uliotufaa sisi. Kumfuta mtu machozi ni rahisi kuliko kumvua soksi.

Ijumaa, 9 Mei

Kocha amekuja wodini. Matope mpaka magotini, filimbi shingoni. Aliangalia kisigino kwa muda mrefu, kisha akafunika.

"Nani alikuwa anavua?"

Nilihisi ule mcheko wangu unapanda. Nikaumeza.

"Mimi. Sikuvua."

"Nilimkataza mimi," Shangazi akasema kutoka mlangoni. Hatukujua amefika. Alikuwa ameshika chupa ya chai kwa mikono miwili. "Mtoto asilaumiwe. Nilijifanya najua."

"Nilijua kwamba hukujua," nikamwambia. "Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa naona kinyaa."

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia Shangazi. Baba alikuwa macho. Alisikia neno lile, kinyaa, likitoka kinywani mwangu mbele yake. Nilingoja paa lidondoke.

"Eeh," akasema baba, na akautazama mguu wake mwenyewe, akakunja pua.

Kocha alicheka kwanza. "Hata mwenyewe anaona kinyaa! Basi hakuna kesi. Binti, mimi nimefanya kazi hii miaka mingi, na kuna miguu inayonifanya nishindwe kula. Sikukuomba uupende mguu. Nilikuomba uuangalie."

Jumamosi, 17 Mei

Amerudi nyumbani. Nabadilisha bendeji mimi. Nimetapika mara moja tu, na niliwahi nje.

Shangazi ananishikia taa na hasemi kitu. Akinyamaza anafanana sana na baba. Fremu ya marehemu ameirudisha kwa rafiki yake; tumepoteza pa kuanika taulo.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua kidogo.

Jumapili, 25 Mei

Wageni walikuja. Mmoja akatoa simu, akasema Mwalimu asimame wapige picha. Nikasema, "Hapana." Akauliza, "Unasemaje?" Nikarudia. Mama alikuwa anakata mkate na hakugeuka, lakini kisu kilisimama kidogo, kisha kikaendelea.

Jumamosi, 31 Mei

Kiatu kipya cha plastiki kimetengenezwa, kisigino kimeachwa wazi. Kidonda kimejifunga, kimebaki kovu la waridi lenye kung'aa ambalo silipendi.

Leo jua lilitoka. Mama Breki alikuja, akakung'uta viatu nje bila kuambiwa. Kocha akamsimamisha baba.

"Haya, Mwalimu. Fimbo, mbo..."

"Kulia," baba akamkatiza.

Kocha akafunga mdomo. Akaangalia mguu, akamwangalia baba, akaelewa kabla yetu. "Samahani. Fimbo, kulia, kushoto."

Nilikumbuka ile siku ya kwanza ya wimbo, alivyofumba macho kwenye "mbovu." Mguu una jina lake, na katika nyumba yote ni yeye tu aliyekuwa akiuita kwa jina.

Fimbo, kulia, kushoto. Amedhoofika, Kocha hakuficha. Alichokuwa nacho mwezi wa nne hana tena, na hajui kama kitarudi chote. Alifika nusu ya chumba, akasimama akihema, mate yakaanza kushuka kidevuni. Nilikuwa mbele yake nikirudi kinyumenyume, mikono imenyooshwa. Nilijua uso wangu umelowa, sikuwa na mkono wa kuufuta.

Baba aliniangalia. Mdomo ukahangaika.

"Kulia?" akaniuliza. Mara hii sauti ilipanda mwishoni.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Lakini wewe nyoosha."

Alicheka, nusu ya mdomo ikacheka na nusu ikadondosha mate kwenye mkono wangu, ya moto. Ah. Yalinifika mpaka kwenye kiwiko. Sikuondoa mkono.

Jumapili, 1 Juni

Nimenawa mpaka kwenye viwiko, kama mama.

Jumatatu, 2 Juni

Hakuna mvua. Nimevua, nimeangalia. Kinyaa kilekile. Ngozi kavu.